Mtoto Kwanza Kifuani, Picha Baadaye

Mama wapenzi, na ninyi baba mnaongoja nje ya nyumba ya uzazi, nataka kusema nanyi habari ya picha.

Zamani mtoto alipozaliwa, mtu wa kwanza kuja mbio alikuwa nyanya yake, mwenye kitambaa cha kumfunika. Siku hizi, hapa Butembo na kule Beni, mara nyingi ni mtu mwenye simu. Mtoto bado ana maji ya uzazi mwilini, naye anainuliwa juu na kugeuzwa huku na huku, ili jamaa walio Goma au Kampala wamwone. Mimi mwuguzi nilikosa vilevile. Siku moja nilimshika mtoto hivyo, nikingoja shangazi yake atengeneze simu. Nilipomrudisha kwa mama yake, miguu yake ilikuwa baridi. Tulimlaza kifuani akapata joto tena, lakini sikusahau.

Sikilizeni sababu. Mtoto mchanga hawezi kulinda joto lake vema. Akiwa na maji mwilini hupoa upesi, na milima yetu ina baridi. Dawa yake haina bei: mpanguse, mlaze uchi juu ya kifua kitupu cha mama, uwafunike wote wawili. Hapo ataanza kutafuta ziwa mwenyewe. Anyonye katika saa ya kwanza, maana maziwa yale ya kwanza, mazito, ya manjano, ni kinga yake. Si uchafu wa kumwagwa. Tena mtoto mchanga huona vema kitu kilicho karibu tu, kadiri ya sentimita 20 hadi 30. Huo ndio umbali toka ziwa hata uso wa mama. Je, tuweke simu katikati yao?

Mtu ataniambia, “Baba yuko safarini, picha ni furaha yake.” Ni kweli, wala sikatai picha. Baba aweza kungoja saa moja, mtoto hawezi.

Sisi watu wa huku tulijifunza thamani ya picha kwa machozi. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mama mgonjwa hakuweza kumnyonyesha mtoto wake, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kupita katika maziwa. Watoto wengine walilelewa na wanawake waliokwisha kupona, ambao waliwapakata sisi wengine tulipoogopa. Huko Beni palikuwa na vyumba vyenye kuta za plastiki ing'aayo, mgonjwa na jamaa zake wakaonana, ijapokuwa hawakuweza kushikana mikono. Watoto walioachwa yatima siku zile leo wanakwenda shule. Yeye aliye na picha ya uso wa mama yake ana hazina. Asiye nayo huuliza, wala hatuna la kumwonyesha.

Lakini picha ya mgonjwa ikipitishwa toka simu hata simu, yaweza kumletea dharau kwa majirani, hata akiisha kupona. Picha ni ile ile. Tofauti ni kama mwenyewe aliulizwa, na kama imepigwa kwa ajili yake.

Basi, kwa maoni yangu, haya yatupasa:

1. Asipige mtu picha mpaka mtoto amepanguswa, amefunikwa kifuani, na amenyonya.

2. Aulizwe mama mwenyewe, si mume wala mkwe tu. Akisema hapana, yamekwisha.

3. Mwili wa mama usitiriwe kwanza. Picha isitumwe kwa watu bila ruhusa yake.

4. Mtoto asitolewe kifuani kwa ajili ya picha. Wapigwe pamoja, kama walivyo.

5. Mama akiwa mgonjwa sana, au mtoto akiwa amekufa, mwuguzi aulize kwa upole kama jamaa wanataka picha moja. Wengine watakataa. Wengine wataitunza maisha yao yote.

Ndugu wauguzi, tuanze sisi. Mtu akiingia na simu mkononi, tumkaribishe kwa adabu, tumpe kiti, tumwambie angoje. Akiisha kungoja, atapata picha iliyo njema kuliko ile aliyoitaka: mtoto mwenye joto, aliyeshiba, akilala juu ya mama yake.