Mpaka wa Nairobi na Ruiru wapita katikati ya sahani ya kibarua

KATIKA vibanda vya chakula vilivyo nje ya malango ya viwanda mjini Thika, saa saba mchana ndio wakati wa mijadala. Vibarua huketi kwenye mabenchi ya mbao, sahani za githeri, ndengu au chapati kwa madondo zikiwa magotini, na mazungumzo huhama kutoka kwa bei ya unga hadi kwa siasa za Mlima Kenya kabla ya chai kupoa. Anayewasikiliza kwa makini hachelewi kutambua kwamba kwao mambo hayo mawili ni jambo moja.

Hata hivyo, kuna suala ambalo hutajwa kwa nadra vibandani, na kwa nadra zaidi katika mikutano ya kisiasa, ingawa ndilo linaloamua ukubwa wa sahani yenyewe. Ni agizo la serikali kuhusu kima cha chini cha mishahara.

Agizo hilo huigawa nchi katika maeneo matatu. La kwanza ni la majiji, yakiwemo Nairobi, Mombasa na Kisumu. La pili ni la miji iliyokuwa manispaa zamani, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru. La tatu ni sehemu nyingine zote zilizosalia. Kwa mujibu wa viwango vilivyoanza kutumika Novemba 1, 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6, kibarua wa kawaida wa jijini alitengewa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Mwenzake wa Thika au Ruiru alitengewa Sh14,866.90.

Tofauti ni Sh1,246.85. Kwa mwenye gari huenda hicho kikawa kiasi cha kudharauliwa. Lakini tuseme kibarua anatumia Sh100 kwa chakula cha mchana, siku 26 kwa mwezi. Atahitaji Sh2,600. Pengo lililo kati yake na mwenzake wa Nairobi ni sawa na sahani 12, yaani karibu nusu ya milo yake yote ya kazini.

Ajabu ya mgawanyo huu huonekana wazi Githurai. Mpaka wa kaunti wapita hapo hapo: Githurai 44 iko Nairobi, katika eneobunge la Roysambu, nayo Githurai 45 iko Kiambu, katika eneobunge la Ruiru. Wakazi wa pande zote mbili hununua nyanya katika soko moja na kugombania matatu zile zile asubuhi. Lakini mlinzi au mfagiaji anayelipwa kima cha chini hupata haki pungufu kwa kuwa tu lango la mwajiri wake limeangalia upande wa pili.

Hoja ya kale iliyozaa mgawanyo huo ilikuwa na mantiki. Maisha ya jiji yalikuwa ghali, na miji midogo ilizungukwa na mashamba. Ruiru ilikuwa kituo cha reli na mashamba ya kahawa. Thika ilikuwa mji wa viwanda na mananasi, wafanyakazi wake wengi wakiwa na kipande cha ardhi huko Gatundu au Murang'a ambako gunia la mahindi na maharagwe lingetoka bila kununuliwa. Githeri ilikuwa chakula cha shambani kilichobebwa kwenda kazini.

Hali hiyo imebadilika. Sensa ya 2009 ilipata watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata 490,120, idadi iliyoufanya mji huo kuwa wa nne kwa ukubwa nchini, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Ruiru ilikuwa imezipiku Eldoret iliyokuwa na 475,716 na Kisumu iliyokuwa na 397,957. Katikati ya sensa hizo mbili, barabara kuu ya Thika yenye urefu wa kilomita 50 hivi ilikamilika, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012. Mashamba ya kahawa yakageuka ploti na majumba ya kukodisha, nao wapangaji wakawa watu wasio na shamba karibu. Sasa mahindi ya githeri hununuliwa, maharagwe hununuliwa, na makaa ya kuyachemshia hununuliwa.

Thika nayo ilihesabiwa kuwa na watu 251,407 mwaka huo wa 2019. Idadi hiyo ina uzito wake kisheria, kwa kuwa marekebisho ya mwaka huo huo katika Sheria ya Miji na Majiji yalishusha kiwango cha kuwa jiji kutoka watu 500,000 hadi 250,000. Kwa hesabu hiyo Thika ilivuka kizingiti kwa watu 1,407. Nakuru ilipewa hadhi hiyo Desemba 2021 na Eldoret Agosti 2024.

Hapa ndipo siasa huanza kunoga, na kupotosha. Kwa miaka kadhaa viongozi wa eneo hili wamepigania kaulimbiu ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Mwaka 2020, mvutano kuhusu mgao wa fedha za kaunti ulilikwamisha Bunge la Seneti kwa miezi. Mei 2024, wito huo ulivuma tena katika kongamano la Limuru. Miezi mitano baadaye Rigathi Gachagua, aliyekuwa bingwa wake, alitimuliwa katika wadhifa wa naibu rais, na tangu hapo vibanda vya Thika havijakosa mada. Kiambu, yenye watu 2,417,735 kwa sensa ya 2019, ina sababu nzuri ya kudai shilingi ifuate watu. Lakini ni vigumu kumwona kiongozi aliyedai kwa sauti hiyo hiyo kwamba shilingi ya kibarua wa Ruiru ilingane na ya kibarua wa Kisumu, mji ambao Ruiru iliushinda kwa watu zaidi ya 90,000.

Sababu moja ni kwamba suala lenyewe haligawi kura kwa kabila wala kwa chama. Nyingine ni ya kikatiba: viwango vya kazi ni jukumu la serikali ya kitaifa, na gavana hawezi kuongeza mshahara wa kiwandani hata akiapa jukwaani. Anachoweza kugusa ni leseni ya kibanda, soko na mtaro wa majitaka ulio mbele yake. Mwenye kibanda ndiye anayemjua gavana kwa karibu. Kibarua humjua kupitia kwake, pale chapati inapopungua upana.

Waajiri nao wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Thika ilishuhudia viwanda vya nguo vikidhoofika baada ya soko kufunguliwa katika miaka ya tisini na mitumba kumiminika. Kodi ya nyumba Ruiru bado ni nafuu kuliko sehemu nyingi za Nairobi, na mwekezaji anayeongezewa gharama anaweza kwenda kwingine. Lakini mwekezaji anayejenga bohari Ruiru hulipa bei ya ardhi iliyopandishwa na ukaribu wa Nairobi, na huilipa bila kulalamika kwamba yuko mji mdogo.

Isitoshe, kima cha chini chenyewe hakimfikii kila mtu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, humgeuza kibarua kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Anayeachishwa siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha akaitwa upya, hubaki kibarua wa siku. Huyo hula kwa mkopo. Jina lake huandikwa kwenye daftari la mwenye kibanda, na siku ya malipo hupitia hapo kwanza kabla ya kupanda matatu ya kurudi nyumbani.