Je, Kuipenda Timu ni Kupoteza Wakati?

Muhula uliopita, katika mjadala wa Jumamosi hapa shuleni Gitega, tulipewa neno hili: "Kushangilia timu za mpira ni kupoteza wakati." Waliolikubali walishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, wala sikupata zamu ya kusema, kwa maana kengele ya sala ililia. Basi namwomba Mhariri aniruhusu niseme hapa yale niliyotaka kusema siku ile.

Wenzetu walitoa sababu tatu. Kwanza, mtu humaliza saa nyingi akizungumza habari za wachezaji wasiomjua. Pili, vijana hupoteza fedha katika kamari ya mpira. Tatu, mpira huleta ugomvi kati ya ndugu. Ile ya pili siipingi. Mwanafunzi atiaye karo yake katika kamari haipendi timu. Apenda fedha, tena fedha ambazo hatazipata. Lakini ya kwanza na ya tatu nazipinga, kwa sababu ya mambo niliyoyaona kwa macho yangu kwetu Muyinga.

Baba yangu na kaka yake, ambaye mimi humwita baba mkubwa, waliikimbia vita wakiwa wavulana, wakakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilaya ya Ngara, nchini Tanzania. Huko hapakuwa na mengi ya kumfurahisha kijana. Palikuwa na redio ya jirani, na redio hiyo ilitangaza mpira kutoka Dar es Salaam. Sote twajua kuwa mji ule una pande mbili: Young Africans, yaani Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka uliofuata. Baba akaichagua Yanga. Baba mkubwa, asiyetaka kukubaliana na mdogo wake hata katika jambo hilo, akaichagua Simba. Waliporejea nyumbani mwaka 2004 hawakurudi na mali, lakini kila mmoja alirudi na timu yake.

Mwaka 2021 wakakosana juu ya shamba la marehemu babu. Msomaji wa nchi hii hana haja ya kuelezwa ugomvi wa mashamba ulivyo. Ni mistari miwili tu ya migomba, lakini kwa ajili ya mistari hiyo waliitana mbele ya bashingantahe, kisha wakapelekana mahakamani. Mama na mama mkubwa wakaacha kuombana chumvi. Sisi watoto tukakatazwa kupita njia ya mkato iliyo kati ya nyumba zetu. Wahenga walisema: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Majirani wakaenda kulima, wakangoja.

Kisha ukaja msimu wa 2022/2023. Wakati huo nilikuwa sijaja Gitega; nilikuwa bado nasoma karibu na nyumbani, nikayaona yote. Simba ilikuwa na Mrundi mwenzetu, Saidi Ntibazonkiza, aliyepata kuichezea Vital'O ya Bujumbura, na hata Yanga yenyewe. Jambo hili lilimchoma sana baba. Yanga nayo ilimtegemea Mkongo, Fiston Mayele, na baba mkubwa hakulipenda jina hilo kusikika nyumbani mwake.

Tarehe 16 Aprili 2023 Simba iliifunga Yanga mabao 2 kwa 0. Jioni ile baba mkubwa, ambaye hakuwa amekanyaga kwetu kwa zaidi ya mwaka, alikuja akasimama nje ya ua, akaita kwa sauti kuu: "Enyi wa nyumba hii, mbona leo mmelala mapema?" Mama akashika kinywa. Baba akatoka polepole. Nilidhani watapigana. Baba akasema, "Ligi haiishi leo, kaka. Tutaonana mwezi wa Juni." Wakacheka wote wawili, kisha baba mkubwa akaenda zake. Shamba halikutajwa.

Tangu siku ile, kila Jumapili walizungumza, mmoja huku na mmoja kule, ua ukiwa katikati. Yanga ikautwaa ubingwa wa Tanzania, tena ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. USM Alger ilishinda 2 kwa 1 Dar es Salaam. Yanga ikaenda Algiers ikashinda 1 kwa 0. Lakini kombe likabaki kwa Waaljeria kwa sababu ya mabao yao ya ugenini. Usiku ule, tarehe 3 Juni, baba mkubwa alikuja amebeba kiti chake mwenyewe, akaketi karibu na redio yetu. Alisema amekuja kucheka. Mpira ulipokwisha hakucheka. Alimwekea baba mkono begani, akasema, "Mmecheza kiume." Mama akamletea chai.

Siku chache baadaye Ntibazonkiza akafunga mabao matano katika mchezo mmoja dhidi ya Polisi Tanzania, na msimu ulipokwisha yeye na Mayele walikuwa sawasawa, kila mmoja mabao 17. Hivyo hata katika jambo hilo hapakuwa na mshindi wala mshindwa kwetu.

Sasa nawauliza wenzangu wa mjadala: saa zile zilipotea? Watu waliokosana juu ya jambo zito hawawezi kuanza kusemezana kwa jambo hilo hilo. Wahitaji kwanza jambo jepesi, ambalo mtu aweza kushindwa bila kupoteza shamba lake. Na ugomvi wetu haukuletwa na mpira. Uliletwa na ardhi. Mpira uliwapa ndugu wawili ugomvi wa kuchekea.

Sitaki kumdanganya msomaji. Kesi ya shamba haijakwisha hata leo. Mpira hauwezi kupima mpaka wa migomba. Lakini likizo iliyopita walikwenda pamoja kuitazama Olympique Star, timu yetu ya Muyinga, nami nikaketi katikati yao. Pale hapakuwa na Simba wala Yanga. Wote wawili walipiga kelele upande mmoja. Tulifungwa. Njiani, wakati tulipokuwa tukimlaumu golikipa, baba mkubwa akasema ghafula kwamba ile mistari ya migomba yafaa waitazame wenyewe kabla ya kurudi mahakamani. Baba hakujibu, lakini hakukataa. Kikapu bado hatujakichukua. Ila nimekiona kimetolewa ndani.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, mwendapo likizo msione haya kumwuliza baba au shangazi habari za timu yake, hasa kama hamna neno jingine la kuzungumza. Nanyi wakubwa zetu mliomaliza hapa, mlio Bujumbura, Dar es Salaam au ng'ambo, mnapowapigia simu ndugu mliokosana nao, msianze na shauri lenyewe. Anzeni kwa kuuliza: "Jana mlifungwa ngapi?"