DHAMANA YA NYUMBA KUUKUU

Ndugu zetu waliohamia Marekani wakinunua nyumba kuukuu, huuziwa na karatasi iitwayo dhamana ya nyumba. Hulipa mamia ya dola kila mwaka. Chombo kikiharibika, kampuni huleta fundi wake, na kila ajapo hutozwa ada nyingine.

Hebu tuulize: yadhamini nini? Isome mpaka mwisho. Ubovu uliokuwapo kabla ya mkataba haumo. Kilichoharibika kwa kutotunzwa hakimo. Basi nyumba ya miaka hamsini, ubovu gani wake usioweza kuitwa wa zamani?

Watasema: "Twanunua utulivu wa moyo." Utulivu gani, nawe hujui ulichonunua? Hiyo ni gharari, naye Mtume (s.a.w.) ameikataza katika biashara. Kwa sababu hiyo Majmaa ya Fiq-hi, ilipokutana Jeddah mwaka 1985, iliharamisha bima ya biashara, ikaruhusu ya kusaidiana. Dhamana hii yatafautiana nini nayo?

Ewe ndugu, mlete fundi mwaminifu aikague nyumba kabla hujainunua. Fedha za dhamana ziweke mwenyewe kwa matengenezo. Pasipoharibika kitu, ni zako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na karatasi haizibi ufa.