TAHARIRI: Bei Elekezi na Amana ya Mzani

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na masoko mengine kama la Kahama yakafuatia, mchimbaji mdogo amepata mahali pa wazi pa kuuzia, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi. Hiyo ni neema. Hata hivyo, wapo wanaodhani bei hiyo ndiyo thamani ya kila walichokishika mkononi, na wapo wanaoificha ili wanunue kwa bei ya kutupa. Wote wamekosea.

Bei elekezi hufuata soko la dunia, ambako dhahabu safi hutajwa kwa aunsi, yaani takriban gramu 31.1. Dhahabu itokayo duarani haiwi safi. Huchanganyika na madini mengine. Gramu 10 zenye usafi wa asilimia 90 zina dhahabu safi gramu 9. Muuzaji anayezidai zote 10 kwa bei ya dhahabu safi anajidanganya. Mnunuzi anayezihesabu kuwa 8 anadhulumu. Orodha ya bei haipimi kitu. Kipimo ni mzani na kifaa cha kupimia usafi, mbele ya macho ya wote wawili.

Imepokewa na Muslim kwamba Fadhala bin Ubayd (RA), siku ya Khaybar, alinunua kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipoitenga dhahabu, aliikuta imezidi dinari hizo. Mtume (SAW) akaelekeza kwamba kidani kama hicho kisiuzwe mpaka kitengwe. Makadirio ya macho hayakutosha kwa Sahaba, yatatutosha sisi?

Vilevile Mtume (SAW) alikataza kuwalaki wenye misafara kabla hawajafika sokoni, na akampa muuzaji aliyelakiwa hiari atakapofika huko. Basi broka anayemfuata mchimbaji duarani, yeye akiijua bei ya siku na mwenzake haijui, na aitazame nafsi yake. Baya zaidi ni kumkopesha mchimbaji chakula na mafuta kwa sharti la kumuuzia mkopeshaji chini ya bei. Manufaa yaliyoshurutishwa katika deni ni riba, hata yakivishwa vazi la biashara.

Tunawanasihi maimamu wa Geita, Kahama na Shinyanga waruhusu bei ya siku ibandikwe ubaoni nje ya msikiti, kwani ndani hapafanywi biashara. Na wenye mali wakumbuke: bei ile ile tunayoidai tunapouza ndiyo tuitumie tunapohesabu zaka, dhahabu ikifikia nisabu, ambayo wanazuoni wengi huikadiria kuwa gramu 85 za dhahabu safi, na ikapitiwa na mwaka.

Sura ya Al-Mutaffifin imekwisha kutuonya kuhusu wapunjao. Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa waadilifu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.