Hita ya Papo kwa Papo Tanga: Madai Saba na Majibu Yake

Kusi likishika, kati ya Juni na Agosti, joto la usiku mjini Tanga hushuka hadi nyuzi 20 au 21, na maji ya alfajiri huanza kuogopwa. Ndipo mjadala wa hita ya papo kwa papo unaporudi majumbani: ile ndogo isiyo na tangi, inayopasha maji yakiwa njiani kuelekea bomba la mvua. Wenye boila wanajiuliza kama waing'oe. Wenye ndoo na sufuria wanajiuliza kama wakati wa kuachana nazo umefika.

Madai yanayozunguka yanatoka pande mbili. Yapo ya muuzaji anayetaka uinunue leo, na yapo ya mzee wa nyumba anayeshikilia kwamba Tanga haijawahi kuhitaji kitu kama hicho. Pande zote mbili zinalikimbia swali la kwanza: ndani ya nyumba hii, nani anahitaji maji ya moto, na mara ngapi? Tuyachukue madai moja moja.

Dai la kwanza: "Inapunguza matumizi ya umeme."

Inapunguza ukilinganisha na nini? Dai hili lina asili ya kweli. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba nyumba inayotumia hadi lita 155 hivi za maji ya moto kwa siku inaweza kuokoa asilimia 24 hadi 34 ya nishati ikiacha hita ya tangi na kutumia isiyo na tangi. Sababu ni kwamba tangi la huko huwaka usiku na mchana, likipoteza joto hata watu wakiwa kazini.

Sasa ingia Ngamiani au Makorora uulize ni nyumba ngapi zina tangi la namna hiyo. Nyingi zinatumia ndoo. Na kati ya wachache wenye boila, wengi huiwasha nusu saa kabla ya kuoga kisha huizima, kwa hiyo upotevu ule wameshaukata kwa kidole kwenye swichi. Anayetoka kwenye ndoo kwenda kwenye hita haokoi umeme hata kidogo. Anaongeza mzigo mpya kwenye LUKU.

Tupige hesabu. Hita ya kilowati 3.5 ikitumika dakika sita kwa kila mtu, watu watano, mara moja kwa siku, inakula uniti 1.75 kwa siku, yaani 52 na nusu kwa mwezi. Ile ya kilowati 5.5 kwa matumizi hayohayo inakula uniti 82 na nusu. Peke yake si balaa. Balaa liko kwenye daraja la bei. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila moja. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, na uniti ya kwanza inakuwa shilingi 122, ya ziada shilingi 427.

Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 70 kwa taa, feni, friji na televisheni ilikuwa ikilipa shilingi 8,540. Ongeza hita ya kilowati 3.5: uniti zinafika 122 na nusu, na malipo yanapanda hadi shilingi 29,400 hivi. Ikihamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 kabla ya makato hayo, malipo yanakaribia 43,700. Hita haikula fedha zote hizo. Imeifukuza nyumba kwenye bei ya wanyonge. Muuzaji hatakwambia hili, kwa kuwa kwenye boksi la hita hakuna neno D1.

Dai la pili: "Kadiri kilowati zinavyokuwa nyingi, ndivyo bora."

Hili linafaa nchi za baridi, si mwambao. Kazi ya hita ni kuyatoa maji kwenye joto la bomba na kuyafikisha kwenye joto la kuoga, nyuzi 38 hivi. Ulaya wakati wa baridi, maji ya bomba yanaweza kuwa chini ya nyuzi 10, ndiyo maana hita za nyumba nzima huko huhitaji kilowati 18 au zaidi na umeme wa fezi tatu. Tanga maji huingia bafuni yakiwa na nyuzi kama 26. Yanahitaji kupandishwa nyuzi 12 tu.

Kwa kupanda huko, hita ya kilowati 3.5 hutoa lita nne na ziada kwa dakika, na ya kilowati 5.5 hutoa lita sita na nusu. Linganisha na Lushoto, mkoa uleule, lakini juu milimani. Tuseme maji ya huko yana nyuzi 16: hita ya kilowati 5.5 itakupa lita tatu na nusu tu. Yaani hita ndogo ya Tanga mjini inamshinda kwa maji kaka yake mkubwa wa Lushoto. Ndugu wa Usambara akikushauri ununue ya 5.5 kwa sababu yake inamfaa, mshukuru, lakini usimfuate.

Na dakika sita za lita nne kwa dakika ni lita 24 hivi, zaidi kidogo ya ndoo moja. Aliyezoea kuoga kwa ndoo ya lita 20 hatapungukiwa kitu.

Dai la tatu: "Fundi anaunganisha tu kwenye waya uliopo bafuni."

Hapa ndipo watu wanapoweza kufa. Waya wa taa, ule wa milimita 1.5 za mraba, haukuwekwa kwa ajili ya mzigo huu. Kwa volti 230, hita ya kilowati 3.5 huvuta ampia 15. Ya kilowati 5.5 huvuta ampia 24. Hata soketi ya kawaida ya ampia 13 haiwezi kuibeba hiyo ndogo. Hita inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye ubao wa breka: angalau milimita 2.5 kwa ile ndogo na milimita 4 kwa ile kubwa, pamoja na breka yake na swichi iliyo mbali na maji.

Muhimu kuliko vyote ni ethi. Nyumba nyingi zina nondo iliyopigiliwa ardhini siku ya kufunga umeme na haikuangaliwa tena. Mchanga na mawe ya matumbawe yakikauka wakati wa kaskazi hupitisha umeme kwa shida, na hewa ya chumvi hula viungo vya waya taratibu bila kelele. Kwa hiyo mwambie fundi aipime ethi kwa kipimo, asiishie kuitazama. Kisha aweke kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja, cha miliampia 30. Breka ya kawaida hukata mzigo ukizidi au waya zikigusana. Mtu akipigwa na umeme uliovuja, breka hiyo inaweza isijue kitu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na gharama ya waya na vifaa hivi uihesabu kama sehemu ya bei ya hita. Asiyeweza kuilipa hiyo hajaweza kununua hita.

Dai la nne: "Maji ni maji, iliyofanya kazi Moshi itafanya kazi hapa."

Maji yana asili. Yanayosambazwa na Tanga UWASA hutoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani huko Usambara Mashariki na kukusanywa katika bwawa la Mabayani. Maji ya kisima cha karibu na pwani yana tabia nyingine. Ardhi ya Tanga imejaa chokaa. Ndiyo iliyochongwa na maji ikawa mapango ya Amboni, na ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji cha Pongwe. Maji yaliyokaa humo hubeba chokaa, na kisima kikiwa karibu na bahari hubeba chumvi pia.

Chokaa huganda juu ya koili, joto likashindwa kutoka, koili ikaungua kabla ya siku zake. Chumvi ni mbaya zaidi. Hita nyingi za bei nafuu, zile za mtindo wa Brazil zinazofungwa pale pale kwenye kichwa cha bomba la mvua, zina koili iliyo wazi ndani ya maji. Usalama wake unategemea maji yasiyopitisha umeme kwa urahisi. Maji ya chumvi huupitisha. Kwa hiyo mwenye kisima cha maji ya chumvi, huko Mwambani au Sahare, asiweke hita ya koili wazi. Atafute ile ambayo koili yake imefunikwa kwa bomba la chuma, na kwenye boksi iwe imeandikwa kwamba inafaa maji ya chumvi. Na mwenye maji ya mto ambaye hujaza tangi kwa kisima bomba likikauka, ahesabiwe kuwa mwenye kisima.

Dai la tano: "Umeme wetu ni mdogo, utaiunguza."

Hili ni dai la wapinzani wa hita, nalo si kweli. Umeme mdogo huumiza vyenye mota, kama friji na pampu. Koili haina mota. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya hita hushuka kwa karibu theluthi moja. Ile ya kilowati 5.5 inafanya kazi kama ya 3.75. Maji yatakuwa vuguvugu badala ya moto, basi. Punguza mwendo wa maji na joto litarudi. Cha kuangalia ni hita zenye pampu ndani yake. Hizo zina mota, na onyo la mota linazihusu.

Dai la sita: "Ukiwa nayo, maji ya moto unayo saa zote."

Unayo umeme ukiwepo na presha ikiwepo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limepunguza sana tatizo la uzalishaji, lakini nguzo ikianguka mtaani kwako megawati hizo hazikufikii. Boila iliyokwisha kupashwa hubaki na maji ya moto kwa saa kadhaa baada ya umeme kukatika. Hita ya papo kwa papo haina akiba ya dakika moja.

Presha nayo. Hita hizi hazijiwashi mpaka maji yaisukume swichi ndogo iliyo ndani. Kila mita moja ya urefu kati ya uso wa maji ya tangi na kichwa cha bomba hutoa presha ya sehemu moja ya kumi ya bari. Tangi lililowekwa juu ya paa, mita moja tu juu ya kichwa cha bomba, huenda lisitoshe. Likiinuliwa kwenye mnara wa mita mbili au tatu, aghalabu linatosha. Soma presha ya chini iliyoandikwa kwenye boksi, kisha pima kwa futi kabla ya kulipa.

Dai la saba: "Tanga ni joto, maji ya moto ni anasa."

Mzee wa nyumba ana hoja, lakini ameivuta mno. Kwa kijana mwenye afya, tangi jeusi juani ni hita ya bure: saa kumi jioni maji yake yameshapata joto, na anayeoga kabla ya magharibi hahitaji uniti hata moja. Lakini yupo mtu wa miaka 75 anayetawadha kwa ajili ya alfajiri mwezi wa Julai, yupo mgonjwa wa viungo, yupo mtoto mchanga. Kwao maji ya moto si anasa. Mzazi aliye ndani ya siku zake arobaini yeye ana haja nyingine: maji ya kumkanda hupashwa jikoni, na hita ya bafuni haikuundwa kuchukua nafasi ya sufuria hiyo.

Hata hivyo, haja ya watu wawili si haja ya nyumba nzima. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 26 hadi 38 kunahitaji uniti 0.28 tu, kama shilingi 34 kwa bei ya D1. Nyumba yenye mzee mmoja inaweza kupasha ndoo yake kila siku kwa birika la umeme, na kwa mwezi isifike uniti tisa.

Basi nani abadilishe? Mwenye nyumba ya wageni Raskazone au Pangani, ambaye wageni wake huoga saa tofauti na ambaye ameshalipia boila zinazowaka mchana kutwa vyumba vikiwa vitupu: huyu abadilishe, dai la kwanza linamhusu kweli. Familia iliyokwisha kuvuka uniti 75, yenye ethi iliyopimwa, tangi lililoinuliwa na maji ya mto: ichukue ya kilowati 3.5 na iiache ya 5.5 dukani. Mwenye boila nzima anayeiwasha kwa kiasi hana sababu ya kuing'oa. Na nyumba ya D1 inayoponea chini ya uniti 75 ifunge bomba la mvua bafuni bila hita, ioge jioni maji yakiwa yamepashwa na jua, na ndoo ya alfajiri imwachie mzee.