Hesabu za Mawimbi Hazikikatai Kiswahili

Lipo dai la siku nyingi, nasi hatulikubali: eti Kiswahili ni lugha ya soko tu, hakiwezi kubeba hesabu za juu.

Hapa Mutanga Nord, kwenye mwinuko wa Bujumbura, twalitazama Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 maji yaliingia majumbani huko Gatumba. Mwanafunzi akiuliza kama kupanda huko kuna zamu, je, tumnyamazishe kwa Kifaransa?

Mfaransa Fourier alieleza mwaka 1822 kwamba mchoro uliovurugika waweza kuchambuliwa kuwa jumla ya mawimbi sahili, kila moja na kipindi chake na kimo chake. Programu ya takwimu iitwayo R huyatenganisha kwa amri moja, fft. Lakini amri haifundishi. Asiyeelewa maana ya kipindi atadhani kila kelele ni wimbi. Wala vipimo vya miaka 10 havithibitishi zamu ya miaka 50.

Wimbi, kipindi, kimo, marudio: maneno tunayo. Kilichopungua si lugha, bali ni ujasiri wetu walimu. Ndugu walimu, tuyatumie darasani.