Padri Aliyekubali Kufundishwa

Toleo hili tumelikusudia kwa habari za umoja wa Wakristo, na kwa kuwa neno hilo limetajwa mno mimbarini hata masikio yamelizoea, imetulazimu kuuliza kwanza kwa nini watu wanaoimba pamoja Jumapili hushindwa kuchukuliana Jumatatu, wanapogombea zamu ya maji kisimani hapa Ruashi, mjini Lubumbashi, ndoo zikisukumana na matusi yakitoka katika vinywa vilivyopokea Ekaristi jana yake.

Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso hali amefungwa, alitanguliza unyenyekevu na upole, akafuatiza saburi, ndipo akafika kwenye umoja; nasi hatuoni kwamba utaratibu huo ulikuja kwa bahati, maana mwenye kiburi hana subira, na asiye na subira hawezi kukaa na watu ila wale wanaomsifu.

Katanga yetu ina ushahidi wake. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 na elimu yake na amri yake, kama walivyofika wengi wa zamani zile, akahubiri miaka mingi na watu wakamwitikia kwa adabu, lakini maneno yake hayakuwaingia moyoni. Alipolitambua hilo hakuwalaumu wasikilizaji wake. Aliketi, akawauliza wao wanatamani nini katika maisha haya, akakubali kufundishwa nao. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka mjini petu mwaka 1945, mji ukingali ukiitwa Elisabethville. Walakini jambo lililo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni lile lililoanza mwaka 1953 huko Ruwe, karibu na Kolwezi, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na wake zao, likaitwa Jamaa.

Katika harakati hiyo mume na mke waliingia pamoja, wakiongozwa na baba na mama waliowatangulia, hatua kwa hatua, na mafundisho yao yalizunguka mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Tafakari, ndugu msomaji, uzito wa jambo hilo kwa mtu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, aliyeamrishwa kutwa nzima na msimamizi wake, akarudi nyumbani na vumbi la mgodi shingoni, kisha akatakiwa aketi na mkewe amfunulie yaliyo moyoni, na ya mkewe ayasikilize mpaka mwisho pasipo kumkatiza. Unyenyekevu wa namna hiyo hauonekani na mtu, wala haupigiwi makofi. Lakini katika nyumba hizo watu waliotoka jimbo la Kasai na watu wa Katanga waliitana baba na mama.

Jamaa nayo ilijaribiwa. Maaskofu waliingiwa na hofu juu ya mafundisho yake, wakaitolea tamko mwaka 1973, na waumini wengine wakatii, wengine wakajitenga. Insafu yatulazimu tuseme kwamba subira iliyohitajika siku zile ilihitajika kwa pande zote mbili.

Lakini jaraha kubwa lilikuja baadaye. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Katanga, wakalala na watoto wao kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengine wakafa pale pale. Na waliofukuza na waliofukuzwa, wengi wao, walikuwa wamebatizwa katika Kanisa lile lile. Ibada za pamoja zilikuwapo, na nyimbo zilikuwapo. Kilichopungua ni mazoea ya kumsikiliza jirani kabla ya siku ya ghadhabu, na mazoea hayo hayapatikani kwa hotuba.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu, Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste na wengineo: kabla hamjaandaa mkutano mwingine wa umoja, kila mmoja aende kwa jirani ambaye hawasemezani, aketi kwake, amwache aseme kwanza.